Sokwe Wana Historia, Mzinza Hana Jina

Khaa! Jamani, lile tangazo la kisiwa mmeliona? Msijifanye hamjaliona, maana limejaa kwenye simu zenu. Sura yake ni ileile miaka nenda rudi: maji ya buluu, jua linazama, mtumbwi mmoja mtupu umefungwa ufukweni, halafu maneno manono yanamhimiza mgeni aje upesi kwenye kisiwa ambacho mkono wa binadamu haujakigusa. Na mtumbwi uko palepale, mbele ya macho! Nani aliuchonga, ngedere? Nani aliukokota hadi majini, nani aliufunga kwa lile fundo la wavuvi? Kuna mtu pale, ndugu zangu. Wamemwambia asogee kando picha itoke vizuri.

Mnh! Sisi wa kijiwe cha Nyakanazi hatupitwi na kitu. Ukitoka Kahama ni lazima utuone: wa Kigoma anakata kushoto, wa Biharamulo na Ngara ananyoosha mpaka Lusahunga. Malori ya Kigali na Bujumbura yanatupulizia moshi usiku na mchana, mabasi yanamwaga abiria waje kunywa chai, na kila baada ya muda linapita gari la watalii limepandisha vioo, dereva kavaa kofia pana kuliko paa la kibanda cha mama wa chai. Wanakwenda wapi? Wengine wanashika njia ya Biharamulo, Bwanga, Chato, hadi Muganza na bandari yake ndogo ya Kasenda. Pale wanapanda boti, dakika chache tu wako kisiwani Rubondo. Hawashuki kwetu hata kuuliza bei ya ndizi. Sisi tunabaki na vumbi na vizibo vyetu vya drafti.

Msituulize kisiwa cha Geita kinatuhusu nini. Kinatuhusu sana! Chato yote ile ilikuwa Biharamulo, na Biharamulo ni Kagera. Wazee waliopo hapa walikuwa wakitoka Muganza kuja Biharamulo mjini kufuata kila karatasi ya serikali. Baadaye Chato ikakatwa ikawa wilaya, na mwaka 2012 ulipozaliwa Mkoa wa Geita ikahama na mkoa. Mipaka imehama, undugu haukuhama. Shangazi zetu wako kulekule, na dagaa tunazokula hapa zinatoka kulekule. Kwa hiyo tukikaa kwenye benchi tukasonya, tunasonya kwa haki kabisa.

Sasa sikilizeni kituko. Juzi kijana mmoja wa bodaboda, mtoto mzuri, anasoma kila kinachopita kwenye simu, akatuletea habari za Rubondo. Akatusomea kwamba mwaka 1965 kisiwa kilifanywa pori la akiba, na 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Tukasema sawa. Akatusomea kwamba kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka Ulaya, wakaachiwa msituni. Benchi zima likageuka. Kutoka wapi? Ulaya! Sokwe kutoka Ulaya! Kijana akaeleza kwamba wengi walikamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakauzwa, wakakaa kwenye bustani za wanyama na vifungo vingine huko Ulaya, wengine miezi, wengine miaka. Ndipo Profesa Bernhard Grzimek, yule Mjerumani wa bustani ya wanyama ya Frankfurt aliyeipigania Serengeti, akapanga wavushwe bahari waje kuanza maisha Ziwa Victoria. Na si sokwe peke yao. Tembo waliletwa, twiga waliletwa, mbega waliletwa. Wengi kati ya wanyama wakubwa wanaopigwa picha kule ni wahamiaji. Mwenyeji wa kweli ni nzohe, yule swala wa kwenye matete, na viboko, na mamba, na pongo.

Mzee mmoja alikuwa anatafuna kahawa zake taratibu. Akazitema. "Mjukuu wangu, na watu je?"

"Watu gani, babu?"

"Waliokuwa wanaishi Rubondo."

Kijana akaipandisha simu juu, akaishusha chini, akasema, "Babu, hapa hawajaandika."

Loo! Hawajaandika! Sokwe mwandishi kamfuatilia: alikotoka, alikofungwa, meli iliyomleta, mwaka aliotia mguu kisiwani, watoto wake, wajukuu wake, kundi lake linalala upande upi wa msitu. Mzinza aliyezaliwa kisiwani, akavua kisiwani, akahamishwa kwenda visiwa vya jirani na mwambao wa bara ili kisiwa kiwe cha wanyama, huyo kapewa mstari mmoja akipewa. Mara nyingi hata huo mstari hapati. Mgeni anashuka gati la Rubondo akiamini kwamba tangu Mungu aumbe dunia pale palikuwa na miti na ndege tu. Yarabi!

Msinielewe vibaya. Sokwe hawana kosa. Waliibwa kwao, wakafungwa, wakapata mahali pa kupumzika, na wameonyesha dunia nzima kwamba mnyama aliyelelewa kifungoni anaweza kurudi msituni akazaa na kujitegemea. Hilo ni jambo kubwa, na Tanzania ina haki ya kujivunia. Msitu wa Rubondo umesimama, mazalia ya samaki yamehifadhika, na ziwa linahitaji mahali pa kuvuta pumzi maana makokoro yamelichosha. Hifadhi iendelee. Kinachoniuma ni simulizi. Kumwonyesha mgeni kisiwa bila kumtaja mwenyeji wake ni kuisifia sufuria kwa wali mtamu wakati mpishi amesimama pembeni anajifuta jasho.

Maana Mzinza ana habari za kusimulia, jamani! Huko Buzinza, nchi iliyoanzia mwambao wa ziwa ikaingia ndani hadi Geita na Biharamulo, kulikuwa na Warongo, mafundi wa chuma. Walichimba udongo wenye chuma, wakachoma mkaa, wakajenga matanuru, wakavukuta mifuo hadi jiwe likatoa chuma, na chuma kikawa jembe. Jembe la Buzinza lilisafiri mbali likanunuliwa Usukuma, likatolewa mahari, likalima mashamba ya watu ambao hawakuwahi kumwona aliyelifua. Hivyo ni viwanda, ndugu zangu, kabla Mjerumani hajaleta msumari! Kuna mgeni gani duniani ambaye hangependa kukaa kivulini Muganza akasimuliwa hayo na mtu ambaye babu yake alivukuta mfuo? Atalipa, tena atalipa na kuuliza kesho atapata wapi mengine.

Na ziwa lenyewe mnadhani lilikuwa maji tu? Watu wa mwambao huu wote, Wahaya, Wazinza na majirani zao, walimjua Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Ukivuka ng'ambo ya kaskazini, Waganda wanamwita Mukasa, na hekalu lake lilikuwa Bubembe, katika Visiwa vya Ssese. Wavuvi wa pande zote mbili waliogopa na kuheshimu nguvu ileile, wakasafiri kwa mitumbwi kati ya visiwa na wakajuana. Halafu mtaalamu mmoja anakuja na mabango yake anaandika "ziwa lenye utulivu". Utulivu! Huyo hajawahi kuvuka upepo ukigeuka mchana. Angemwuliza mvuvi yeyote wa Kasenda angeambiwa saa ya kuondoka, wingu la kuogopa, na maneno ambayo hayasemwi ukiwa ndani ya mtumbwi. Habari hizo hazinunuliwi dukani, ziko vichwani mwa watu waliokaa mwaloni wanashona nyavu.

Na Ssese nao walionja shubiri. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno mwambao wa ziwa, na mwaka 1909 wakoloni wakawaamuru watu wa Ssese watoke visiwani. Walirudi baadaye, lakini si wote, na mengi yalikuwa yamekwisha kupotea njiani. Leo vile visiwa 84 vinatangazwa kwa fukwe na muziki wa wikendi, vijana wa Kampala wanavuka kwa feri kwenda kucheza. Wacheze, raha si dhambi. Lakini ni wangapi wanaporudi Entebbe wanalijua jina la Bubembe? Mnaona sasa? Huu ugonjwa wa kutangaza mchanga na kusahau nyayo si wa Tanzania peke yake.

Haya, tuhamie Ukerewe, maana huko ndiko benchi lilipigana. Kijana wa bodaboda akasema Ukerewe hakuna cha kutangaza. Mama wa chai akaacha kupuliza moto! Mumewe alikuwa wa Nansio, hakumwachia. "Wewe mtoto," akamwambia, "umeshika simu siku nzima, kwenye hiyo simu hakuna Kitereza?"

Hapo nikampigia makofi. Aniceti Kitereza, jamani! Mtu wa Kagunguli, Ukerewe. Aliandika riwaya kubwa kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945: habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, jinsi walivyohangaika kupata mtoto, jinsi watu walivyolima, walivyooa, walivyotibu, walivyosalimiana, walivyopika pombe na kuwazika wafu wao. Kisiwa kizima kimo ndani ya kitabu. Akakaa nayo miaka na miaka, mchapaji hapatikani, lugha wanasema haina wasomaji. Mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kikaja kuchapwa, na mwaka 1981 mwandishi akafariki dunia, nakala hazijamfikia mkononi. Aaah! Hilo tu linatosha kumtoa mtu machozi. Baadaye Wajerumani wakakisoma kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mtoto wa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza.

Sasa niambieni. Kisiwa kina mwandishi wa namna hiyo, mtu aliyeandika maisha ya kwao kwa lugha ya kwao, kisha tangazo la kisiwa linaonyesha nini? Machweo! Machweo yapo hata hapa Nyakanazi, tena bure, yanazama nyuma ya malori. Nchi za wenzetu mwandishi akizaliwa chumba cha nyuma, chumba kinawekwa kibao, watu wanapanga foleni, pembeni kuna duka la kuuza kitabu chake na chai. Sisi mgeni anakwenda Ukerewe anarudi bila kusikia jina la Kitereza, na aliyemwongoza hakulitaja kwa sababu naye hakuambiwa shuleni. Nimsonye nani?

Na Ukara, pale jirani. Kisiwa kidogo, watu wamebanana, ardhi haitoshi, na wakulima wake wakajua siku nyingi kufuga ng'ombe zizini, kukusanya mbolea, kuotesha malisho, kupanda miti na kuhesabu kila kipande cha shamba. Wataalamu wa kilimo walikwenda kuwachungulia tangu enzi za Mwingereza, wakaandika vitabu. Kuna na lile jiwe linalocheza, ambalo wenyeji huliimbia wakalichezesha, watu wakashika vichwa. Lakini ukitaja Ukara leo mbele ya Mtanzania wa mbali anakumbuka nini? MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kilipinduka kikikaribia kisiwa, watu zaidi ya 220 wakafa. Ndivyo taifa lilivyoijua Ukara. Kwa majeneza.

Nanyi watu wa Ngara msitikise vichwa mkijiona mko mbali na hayo. Ninyi dunia iliwajuaje? Aprili 1994, takriban wakimbizi 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja, Benaco ikageuka mji wa mahema, kamera za dunia zikajaa. Jina la Ngara likasomwa kwenye redio za mabara yote. Lakini yule mama wa kijijini aliyegawa maharage yake wiki ya kwanza kabla magari ya misaada hayajafika, nani alimwuliza jina? Yule mzee ambaye migomba na miti yake ilikwisha kwa kuni, nani alimpiga picha? Watu wa mahali pale walikuwa mandhari katika habari ya mahali pao. Ndiyo maana nasema jambo hili si la watalii tu. Tumezoea kuonyeshwa bila kusikilizwa, mwisho tunajizoesha kunyamaza.

Ngoja niwape kituko kingine, mcheke kidogo kabla sijalia. Kuna kijana wa upande wa Rulenge, Mhangaza wa kuzaliwa, alikwenda Unguja kutafuta maisha. Akapata kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Kazi yenyewe? Kila wiki kuna usiku wa utamaduni, wageni wanakula kamba na pweza, na vijana wanaingia kuwachezea. Yule mtoto wa Ngara, ambaye kwao ngoma ni zile nzito zinazopigwa kwa mpangilio mpaka kifua kinaitika, akavikwa shuka nyekundu, akapewa fimbo na shanga, akaambiwa aruke juu awe Mmasai! Mhangaza, usiku, mchangani, Unguja, anaruka Kimasai! Wageni wakapiga makofi, wakarudi kwao na video ya utamaduni wa Zanzibar. Mama wee! Pale walidhulumiwa watu wanne kwa mkupuo: Mmasai kaibiwa mchezo wake, Mzanzibari kafichwa nyumbani kwake, Mhangaza kanyang'anywa ngoma yake, na mgeni mwenyewe kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Na hiyo ndiyo Zanzibar iliyopokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023! Mgeni anafika Unguja amejaa hamu, anawekwa ndani ya ukuta wa hoteli, utamaduni unaletwa mezani pamoja na kitindamlo. Kumbe hatua chache nje ya ukuta kuna akina mama wa Paje na Jambiani wanavuna mwani maji yakipwa, kazi iliyoshika kasi tangu mwisho wa miaka ya 1980 ikawapa wanawake fedha yao wenyewe. Hao ndio wanaopigwa picha kwa mbali, migongo imeinama, bila hata "shikamoo". Halafu picha inauza chumba cha hoteli, na mama anarudi kufunga kamba za mwani. Nsyoo!

Lakini nitende haki, maana kijiwe kisichosifu kinakuwa cha umbea tu. Visiwa vya pwani vina mahali ambapo jambo limekaa sawasawa, na tutazame pale. Nendeni Makunduchi, kusini ya Unguja, mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wanatandikana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishe, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanapita wakiimba na kuwasema watu wazi, halafu kila nyumba inapika. Na wenyewe wanaamini kukosa mgeni siku hiyo si heri. Mmesikia? Mgeni anahitajika ndani ya sherehe, anakaribishwa sinia moja na wenye nyumba! Hakuna aliyekuja kuwafundisha waruke vipi. Wangesherehekea hata mgeni asingekuja, na kwa sababu hiyohiyo wageni wanakuja. Halafu sisi Ngara na Biharamulo, migomba mpaka upeo wa macho, tunasema hatuna kitu!

Au Lamu. Mji mkongwe ule uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini watu walikuwa wakimiminika kabla ya hapo kwa ajili ya Maulidi, ile sherehe iliyokuzwa na Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha. Watu wanatoka mwambao wote, wanafikia kwa jamaa, matari yanalia, mashindano ya punda yanafanyika kwenye gati, majahazi yanashindana. Kwanza ni ibada na ni ukoo. Mtalii anayefika anakuta shughuli ya watu wazima wenye shughuli zao, anaambiwa avae vizuri, anakaa pembeni kwa adabu, anapewa kahawa. Anarudi kwao amebadilika kidogo. Huyo ndiye atakayemwambia mwenzake, na mwenzake atakuja.

Hilo ndilo ninalolilia hapa, ndugu zangu, na nitalirudia mpaka mama wa chai anifukuze. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Atapona vipi mwenyeji aliyesogezwa nje ya picha? Atapona kwa jina lake kutajwa, kwa kuulizwa kabla ya kupigwa picha, na kwa fedha kuingia mkononi mwake. Mvuvi wa Kasenda ndiye asimulie ziwa, na alipwe kwa kusimulia. Wazee wa Kizinza waliohamishwa Rubondo, na watoto wao, waandikwe maneno yao kabla kaburi halijawachukua, na maneno hayo yasikike kwenye boti kabla ya habari za sokwe. Chakula cha mgeni kitoke kwa mama wa Muganza: sato wa asubuhi na ndizi, apate bei ya haki. Hayo hayahitaji hoteli ya ghorofa kumi.

Na tusije tukageuza utamaduni makumbusho ya vumbi! Kuna wanaodhani mvuvi ni wa asili akivaa gome la mti tu. Mvuvi wa leo ana simu, anavua dagaa kwa taa za sola mahali pa zile karabai za baba yake, anajua bei ya mabondo ya sangara kabla hajafika mwaloni, na bado anajua wingu lipi la kuogopa. Huyo ndiye mwenyeji. Mwonyesheni alivyo. Mkimvua simu ili afanane na kadi ya posta, mmeanza uongo upya.

Sasa nigeukie benchi letu, maana hasira zote zikimalizikia kwa wenye mabango sisi tunapona bila dawa. Kila mgeni akisimama hapa Nyakanazi akauliza kuna nini cha kuona, tunamjibuje? Mnajua! Kwa sauti moja, bila aibu: "Huku hakuna kitu, nenda Mwanza." Khaa! Hakuna kitu? Boma la Wajerumani liko Biharamulo limesimama na kuta zake. Rusumo maji yanaporomoka chini ya daraja baada ya Ruvubu na Kagera kukutana, na leo maji hayohayo yanazalisha megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Ziwa Burigi liko hapohapo, na mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Burundi wamepeleka ngoma zao za kifalme UNESCO, zikaandikwa mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu wote. Ngara ng'ambo ya mpaka ngoma ndugu ya hizo tunaitoa siku anapokuja kiongozi, akiondoka tunairudisha stoo tukasubiri uchaguzi.

Na hifadhi hii mpya ya Burigi bado ni changa, hadithi yake ndiyo kwanza inaandikwa. Hapo ndipo moyo unanidunda. Tukizubaa, miaka 50 ijayo kijana mwingine wa bodaboda atasoma kwenye simu kwamba Burigi ni nchi isiyoguswa na mkono wa binadamu, na mjukuu wa mtu wa Nyakahura atauliza "na watu je?", ajibiwe hawajaandika. Wafugaji waliopitisha ng'ombe kule, warina asali, waganga waliojua kila mzizi, wasafiri waliovuka yale mapori kwa kusindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi, wote hao watakuwa wamefutwa wakati sisi tupo hapa, tuna masikio na midomo, tunasogeza vizibo.

Kwa hiyo wanakijiwe, tukubaliane. Gari la vioo vilivyopandishwa likisimama hapa siku moja, hata kama limesimama kwa pancha, na mgeni akashuka akauliza kuna nini huku, atakayemjibu "hakuna kitu" anunulie benchi zima chai na maandazi. Ajibiwe kwa jina la mtu. Yupo mama fulani anapika rubisi na anajua ndizi ya kuikamua na ya kuiacha, nenda ukamsalimie. Yupo mzee fulani baba yake alivua Rubondo, mpelekee sukari ukae naye. Lipo kundi la ngoma kijiji fulani, linafanya mazoezi Jumapili, lipe heshima yake na ulilipe. Mgeni aliyepewa jina la mtu atarudi kumtafuta mtu huyo. Aliyepewa machweo ana machweo kwao.